Supachaja Mbili, Namba Moja

Nyinyi mnaojifunza kazi ya chuma siku hizi mna bahati, na bahati yenu inanitia wasiwasi. Mkihitaji kipuri mnakipiga picha kwa simu, mnaituma, na baada ya wiki mbili kinafika ndani ya boksi. Hamumjui aliyekitengeneza, naye hawajui nyinyi. Mimi nilikereza chuma hapa Suna, mjini Migori, mpaka macho yaliponikatalia, na karibu kila kipuri kilichofika mezani pangu kililetwa na mtu. Nilimtazama mtu kwanza, chuma baadaye. Watu wakanibandika jina la Tomaso, yule mwanafunzi aliyekataa kuamini mpaka atie kidole kwenye kovu. Sikulikataa jina hilo. Miaka ya tisini spea bandia zilikuwa zimejaa sokoni, beringi zimefungwa kwa karatasi zinazong'aa, jina la kampuni limeandikwa sawasawa isipokuwa herufi moja. Niliwahi kuamini boksi la namna hiyo nikaifunga beringi yake kwenye pampu ya kisima cha kanisa. Ililia siku tatu, ya nne ikanyamaza, na Jumapili nzima mchungaji alinitazama mimi tu.

Nataka kuwasimulia kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, ambayo nusura inipeleke korokoroni.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Chacha, Mkuria mmoja mfupi, mkimya, mkuu wa karakana ya kiwanda cha sukari nilikoanzia. Siku moja alinipa shafti iliyochakaa ya mashine ya kusaga mahindi, akaniambia nitengeneze nyingine. Niliipima kila mahali, nikakereza mpya inayolingana nayo hadi unene wa unywele. Nikatembea karakana nzima nikijisifu. Tulipoifunga, mashine ilitetemeka kama mtu mwenye malaria. Chacha akaifungua, akailaza yangu kando ya ile kuukuu.

“Umepima vizuri sana,” akasema. “Umenakili mpaka ugonjwa.”

Nilikuwa nimepima pale palipolika na kuona ndio ukubwa wake. Kwa hiyo shikeni hili: ukipewa kitu kuukuu utengeneze mwenzake, tafuta sehemu isiyosuguliwa na chochote, chini ya beringi au pembeni kabisa, upime hapo. Palipolika utapafikia kwa hesabu, si kwa kipimo.

La pili alilonifundisha ni kutia alama. “Kazi yako uitie sahihi,” alisema, “lakini si mahali mwenye gari ataona. Weka mahali fundi mwenzako pekee atafungua.” Alama yangu ilikuwa vidoti vitatu nilivyopiga kwa patasi yenye ncha, vimekaa kama mafiga ya jikoni. Niliviweka kwenye kila kitu, ndani, gizani. Mke wangu hakujua.

Basi, mtu mmoja aliyejiita Felix alifika asubuhi ya siku ya soko. Mvua ilikuwa imenyesha, Suna yote ilikuwa tope, na viatu vyake vilikuwa safi. Nikajiuliza gari lake ameliacha wapi, na kwa nini hakuliegesha mbele ya karakana kama watu wengine. Alikuwa amekumbatia kitu kizito kilichofungwa kwa blanketi, kama mama aliyebeba mtoto mgonjwa. Akakiweka mezani, akakifungua. Ilikuwa supachaja.

Wengi wenu hamjawahi kuona supachaja. Injini ya kawaida huvuta hewa yenyewe, kama mtu anavyopumua. Supachaja ni pampu inayozungushwa na injini hiyohiyo, na kazi yake ni kuisukumia hewa kwa nguvu, ili injini ichome petroli nyingi na gari likimbie kuliko umbo lake. Ndani ya kasha lake la alumini, ambalo mafundi tunaliita nyumba, kuna rota mbili zenye umbo la ganda la njugu. Zinazunguka zikipishana, lakini hazigusani. Mwanya ulio kati yake ni unene wa karatasi mbili tatu za daftari. Zikigusana zinakwaruzana na kusagana. Mwanya ukizidi, hewa inarudi ilikotoka na injini inakuwa mvivu. Ile ya Felix ilikuwa ya gari la Kiingereza la milango miwili, la kabla ya vita vya pili vya dunia. Nilikuwa nimeiona kwenye kitabu tu.

“Fundi, wanasema Migori yote hakuna kama wewe,” akasema.

“Wanaosema ni kina nani?”

Akacheka kabla sijamaliza swali. “Nataka nyingine kama hii. Kila kitu. Nyumba yake ya alumini, rota, shafti, gia. Hii imepasuka.”

“Imepasukia wapi?”

“Huko kwa ndani.”

“Gari liko wapi?”

“Nairobi. Ni ya mzee mmoja Mzungu anapenda magari za zamani. Spea zake hazitengenezwi tena huko ng'ambo, ndio nikasema nijaribu mafundi wetu.”

Kila jibu lake lilikuwa na mlango wa nyuma. Alipoondoka, niliipaka ile nyumba ya alumini mafuta ya taa, nikaiacha kidogo, nikaifuta ikakauka, kisha nikainyunyizia unga wa chaki. Hiyo ni njia ya Chacha. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yake hutoka taratibu na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Nilingoja mpaka chai ikapoa. Hakuna mstari hata mmoja.

Alipokuja tena nilimwambia, “Haijapasuka.”

“Fundi, kazi yako ni kukata chuma ama kuuliza maswali?”

“Zote mbili.”

“Basi kata kwanza.” Akaniwekea kidole kwenye namba iliyogongwa ubavuni mwa ile nyumba. “Na hii namba uigonge hivyohivyo kwa mpya. Uifanye ikae mzee. Si unajua mambo ya majani ya chai na oili chafu?”

Nilikataa. Nilimwambia kutengeneza mwenzake wa kipuri si dhambi, hata kidogo. Gari la zamani litatembeaje kama hakuna anayelitengenezea? Lakini namba ni jina, na jina la mtu halipewi mwingine aliye hai. Akasema, “Sawa, acha namba.” Alikubali haraka mno. Mtu anayekubali haraka hivyo anamjua fundi mwingine.

Sasa mtaniuliza kwa nini sikumrudishia blanketi lake. Sitawadanganya. Niliona mambo yote hayo na bado nikafanya, kwa sababu niliitamani ile kazi. Nilitaka kujua kama mkono wangu unaweza. Nilikuwa na shaka na kila mtu aliyepita mlangoni isipokuwa mimi mwenyewe.

Rota, shafti na gia ningeweza. Nyumba ilihitaji kumiminwa, na mtu wa kumimina alikuwa mmoja tu, Mama Risper wa Homa Bay. Alizaliwa kisiwani, watu wakamwita Nyar Mfangano, yaani binti wa Mfangano. Mumewe alipofariki alimwachia tanuri, na jamaa za mume walipokuja kulichukua walimkuta ameshawasha moto na anafanya kazi. Alimimina sufuria, puli za mashine, na pangaboi za mashua za wavuvi. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya chini, na nyusi zake zilikuwa zimeungua zikaacha kuota.

Alinifundisha mambo ambayo Chacha hakuyajua. Kwamba alumini ya sufuria ni laini na hupasuka kwenye kona, kwa hiyo kwa kazi ya injini anayeyusha pistoni kuukuu peke yake. Kwamba mchanga wa ziwani ni msafi mno, haushikani, mpaka uuchanganye na udongo kidogo na molasi ya kiwanda cha sukari, uufinyange, uuvunje, na ukivunjika vipande viwili vyenye kona kali umekuwa tayari. Na kwamba alumini ikipoa hujikunyata. Ukizika kitu mchangani na kumimina pale kilipolala, kitakachotoka kitakuwa kidogo kuliko mama yake. Ndiyo maana tuliipaka ile ya zamani tabaka la nta ya mishumaa ili inenepe kidogo kabla ya kuizika.

Siku nilipompelekea aliigeuzageuza mikononi.

“Omera, hii ni ya nani?” Omera ni kusema ndugu yangu.

“Ya Mzungu wa Nairobi.”

“Umemwona?”

“Sijamwona.”

“Na huyu aliyekuletea, umemwona akicheka?”

“Amecheka.”

“Anacheka kabla hujamaliza swali ama baada?”

Nilifikiri. “Kabla.”

Akafyonza meno. “Iache hapa.”

Nyumba mpya ilitoka mara ya tatu. Ya kwanza ilikuwa na matundu kama mkate, ya pili ilikunjika. Ya tatu niliigonga kwa kifundo cha kidole ikalia kama kengele ndogo. Mama Risper alisema ya zamani ibaki kwake kwanza, atoe ile nta vizuri. Nikarudi Migori na mpya, nikaikereza, nikafunga rota na kuzipima mwanya kwa vibati vyembamba mpaka zikazunguka kwa pumzi ya mdomo. Ndani, chini ya kifuniko cha gia, nikapiga vidoti vyangu vitatu.

Felix alikuja kuichukua. Hakuisifu hata neno moja. “Ile ya kwanza iko wapi?” ndilo swali lake. Nilimwambia iko Homa Bay. Uso wake ulibadilika, akaondoka bila kunipa mkono.

Hapo ndipo shaka ilinikamata barabara. Mtu anayedai kitu kimepasuka, kwa nini akitake kuliko kizima? Siku kadhaa baadaye, mwanamke anayeleta samaki soko la Suna aliniambia amemwona mtu wa Nairobi mwenye viatu safi kwa Mama Risper, wanaongea mlangoni kwa muda mrefu. Mama Risper hakuwa ameniletea habari yoyote. Nilijumlisha mbili na mbili nikapata tano. Asubuhi iliyofuata nilikuwa Homa Bay.

Nilimkuta anachekecha mchanga, wafanyakazi wake wawili kando.

“Yule mtu alikuja hapa?”

“Alikuja.”

“Na hukuniambia.”

“Sikukuambia.”

“Ile ya zamani iko wapi?”

Aliendelea kuchekecha. Nami nikaropoka, mbele ya watu wake. “Umemuuzia. Mmepatana nyuma yangu. Umeuza jina langu, Mama Risper!”

Chekecheke ikasimama. Wale wawili wakatazama chini.

“Jina lako,” akasema polepole. “Na langu mimi ni la mbwa?”

Aliingia ndani akatoka na beseni. Juu kulikuwa na omena, dagaa wa ziwani, waliokaushwa; akawasukuma kando kwa mkono, akatoa gunia, na ndani ya gunia ilikuwa ile nyumba ya zamani, safi kama sahani ya harusi. Akauelekeza mdomo wa ile nyumba kwenye jua. “Tazama ndani.”

Ndani, mahali hewa inapoingilia, ambako masizi ya miaka mingi yalikuwa yamejaa, mtu alikuwa ameandika kwa msumari: ODONGO RONGO.

Vijana, mimi niliipima ile supachaja kila upande. Niliijaribu kwa chaki. Lakini sikuisugua ndani. Mama Risper aliiosha kwa brashi na mafuta ya taa kwa sababu mchanga hauvumilii uchafu, na jina likatokea. Tangu siku hiyo nimewaambia wote niliowafundisha: osha kwanza, pima baadaye.

“Nimeuliza wanawake wa Rongo wanaokuja kununua omena,” akasema. “Odongo alikuwa fundi wa mgodi wa dhahabu zamani. Amekufa. Bibi yake yuko, Mama Dorina, na gari la kizamani liko kwa boma yake, si Nairobi. Yule mtu wako alipokuja kuitaka hii, nilimwambia iko kwako Migori. Wewe ungeuliza vizuri, ningekuambia amekuja akaichukua. Mkimbizane.”

“Lakini kwa nini hukuniambia jina hili mapema?”

Alinikazia macho yake yasiyo na nyusi. “Ningekuambiaje, Tomaso? Ni wewe ulimleta.”

Nilipaswa kuomba msamaha palepale. Badala yake nilimwuliza Rongo tunakwenda lini.

Tulikwenda siku iliyofuata. Boma la Mama Dorina lilikuwa nje ya mji, baada ya shamba la miwa, na mbwa wake walitupokea kabla yake. Alikuwa mzee, mwembamba, amejifunga leso kiunoni, panga mkononi.

“Mmetumwa na Felix?”

“Hapana, mama.”

“Kila mtu anakuja hapa anasema hapana.”

Mama Risper hakubishana. Alikaa chini kwenye nyasi, akaweka beseni, akaitoa ile nyumba. Yule mama aliinama, akatazama ndani ya mdomo wa ile nyumba, akapitisha kidole juu ya zile herufi. Panga likashuka.

“Alikuwa anaandika D yake vibaya hivyo,” akasema.

Alituonyesha gari. Lilikuwa chini ya banda la mabati, juu ya mawe, jekundu lililofifia likawa kama rangi ya matofali. Felix, alituambia, alikuja akitaka kulinunua. Mama alipokataa, Felix akageuka mwema: akasema supachaja imepasuka, ataitengeneza bure kwa heshima ya marehemu, akaondoka nayo; sasa ameahidi kuirudisha Jumamosi kwa sababu mama ametishia kwenda kwa chifu.

“Mimi siuzi,” akasema Mama Dorina. “Mnajua hili gari limetufanya nini? Mzungu wa mgodi alipokuwa anarudi kwao alimpa Odongo. Alimpa, kwa mkono wake, kwa sababu Odongo alilitunza miaka yote. Watu wakasema ameiba. Polisi walimchukua mara mbili, mara mbili wakamwachilia. Lakini watoto wangu waliimbiwa njiani, wana wa mwizi, mpaka wakahama. Mimi sitaki litoke hapa likiwa na jina hilo.”

Akatoa barua kwenye mfuko wa plastiki. Ilikuwa imepigwa chapa, karatasi imegeuka rangi ya chai. Mzungu alikuwa ameandika kwamba amempa Odongo gari hilo kwa hiari yake, na chini akaorodhesha namba tatu: ya bodi, ya injini, ya supachaja.

Ndipo nikaelewa nilichokuwa nimesaidia kufanya. Felix alitaka kumrudishia mama huyu kipuri changu na kuondoka na cha kweli, ambacho wapenda magari ya kale wangekigombania. Na siku fundi yeyote angelifungua gari na kukuta supachaja ni bandia yenye namba ya kughushi, watu wangesema hata barua ni bandia. Odongo angeitwa mwizi mara ya pili, kaburini, kwa mkono wangu.

Jumamosi tulikuwa hapo tangu asubuhi. Mama Dorina alikuwa amemwita asistanti chifu, mzee wa makamo aliyekulia boma la jirani, mtu wa kofia na mwendo wa taratibu. Felix alifika na blanketi lilelile. Aliponiona aliyumba kidogo, lakini ni mtu wa kazi yake; alijisimamisha haraka.

“Mama, nimekuletea. Imepona.”

Akafunua. Ilikuwa kazi yangu, imepakwa oili chafu, na ubavuni imegongwa namba. Asistanti chifu akachukua barua, akalinganisha tarakimu moja moja kwa kidole.

“Namba ni sawa,” akasema.

“Si yenyewe,” nikasema. “Hii nimetengeneza mimi. Fungua kifuniko hiki, utaona vidoti vitatu. Ni alama yangu.”

Nilikifungua mwenyewe kwa spana. Vidoti vilikuwepo. Nilidhani nimeshinda. Felix akapiga makofi mara moja, kwa sauti.

“Mmesikia wenyewe! Amekubali ametengeneza bandia. Mimi nilimpelekea ya mama aitengeneze, kumbe ameficha ya kweli akanipa hii. Afande, huyu ndiye mwizi!”

Asistanti chifu akanigeukia. Akatazama vidoti, akatazama mikono yangu yenye mafuta. “Ni wewe umetengeneza?”

“Ni mimi.”

“Na namba?”

“Namba sikugonga.”

“Nani atathibitisha?”

Hapakuwa na mtu aliyekuwepo siku niliyokataa. Maisha yangu yote nilikuwa mimi ninayemwangalia mtu hivyo, kichwa upande, jicho dogo. Sikuwahi kujua inavyokuwa kwa aliye upande wa pili. Kila neno nililotaka kusema lilisikika kichwani mwangu kama uongo.

Mama Risper alitembea na beseni lake mpaka katikati. Omena wakamwagika nyasini.

“Ya kweli hii hapa,” akasema. “Imekaa kwangu. Huyu fundi hakujua, na alinitukana kwa ajili yake. Kama angekuwa mwizi mwenzangu angenitukana?” Akamgeukia Felix. “Wewe unasema ulimpelekea atengeneze. Haya, unajua kimeandikwa nini ndani?”

Felix alitazama mdomo wa ile nyumba kwa mbali. “Namba,” akasema.

“Ndani.”

Hakujua. Mama Dorina alimpa asistanti chifu, naye akachungulia, akasoma kwa sauti: “Odongo. Rongo.”

Felix alisema ana karatasi za kuonyesha garini mwake, kule barabarani, anaomba dakika tano. Tulisikia injini ikiwaka na kwenda zake. Mpaka leo sijamwona tena. Asistanti chifu alituma habari kituo cha polisi, lakini jina la Felix huenda nalo lilikuwa limegongwa tu juu.

Hadithi ingeishia hapo kama chuma kingekuwa kama watu wanavyotaka. Nilipoirudishia nyumba ya kweli rota na shafti zake za zamani, zilizokuwa zimebaki karakanani kwangu, na kuifunga kwenye gari, ilikwaruza. Nyumba ilikuwa nzima, lakini, kama nilivyohofia nilipozipima, shafti zake zilikuwa zimelika na beringi zimekufa. Rota zilikuwa zinagusana. Felix alidanganya kuhusu ufa, si kuhusu ugonjwa. Nilimweleza Mama Dorina kwamba naweza kutoa rota, shafti na gia mpya kwenye ile ya bandia, nizitie ndani ya nyumba ya zamani yenye namba na jina. Vya ndani vitakuwa vyangu, mama ajue, na yeyote atakayelifungua gari aambiwe.

Alifikiri. “Odongo aliweka meno ya kubandika miaka yake ya mwisho,” akasema. “Alikuwa Odongo tu. Funga.”

Ilinichukua siku nne. Namba ya uongo kwenye ile nyumba mpya niliiondoa kwa tupa mbele ya macho yake, na nyumba nikamrudishia Mama Risper aiyeyushe. Siku ya nne Mama Risper alikuja kushuhudia, na asistanti chifu akaja, na majirani wakasimama kwenye ua. Nilisafisha mirija ya petroli, nikaazima betri ya trekta, nikabonyeza swichi ya kuwashia. Ilikohoa mara kadhaa, ikatoa moshi mweusi, ikashika. Halafu juu ya mngurumo ikapanda ile sauti ya supachaja, nyembamba, ndefu, kama nyuki elfu ndani ya mtungi. Kuku walikimbia. Mama Dorina aliketi kwenye kiti cha dereva, mikono kwenye usukani, hakutabasamu.

Asistanti chifu alivua kofia. Aliegemea dirisha akapaza sauti juu ya injini. “Min Akoth,” akamwita Mama Dorina kwa jina la mtoto wake, “mimi nilikuwa kati ya wale watoto. Wa kuimba. Hatukujua kuna barua. Kumbe alipewa kweli.”

Mama Dorina alizima injini ili asilazimike kupiga kelele.

“Mngemuuliza,” akasema. “Alikaa hapa mlangoni miaka ishirini, barua iko mfukoni. Alikuwa anangoja tu mtu amuulize.”

Yule mtu mzima alisimama na kofia yake mkononi.

Nilikusanya spana zangu. Mama Risper alikuwa ameshatangulia njia ya miwa, beseni tupu kichwani, nami nikamfuata mpaka nikamfikia.

“Mama Risper, siku ile nilikukosea. Nilikutukana mbele ya watu wako na sikukuuliza. Nisamehe.”

Alitembea hatua nyingi bila kugeuka.

“Wafanyakazi wangu pia walisikia,” akasema.

“Nitakuja kusema mbele yao.”

“Jumatatu namimina puli za mashine ya unga,” akasema. “Tunaanza mapema. Uje mapema.”

Nilifika kabla moto haujawashwa.